Mlo wa Siku ya Saba

Mimi ni mtu wa kulisha watu. Niseme hilo kwanza, ili ukinilaumu unilaumu vizuri. Hoteli yangu iko Koboko, mji wa mpakani, karibu na pale malori ya Yei na ya Kongo yanapopumzika, na kwa miaka ishirini na sita hakuna dereva aliyeinuka kwenye benchi langu akasema bado ana njaa. Gurusa, mkate wetu mwembamba wa Kinubi, na chai asubuhi, maharage na muhogo mchana, samaki wa kukausha aliyepikwa kwa ufuta akipatikana. Hata mlevi kwangu hula kwanza, matusi baadaye. Jina langu ni Kaltumu, lakini madereva waliniita Haboba, yaani bibi, kabla hata sijapata mjukuu.

Mjukuu nilimpata mwaka huu, mvua zilipoanza, na alikuja kabla ya siku zake. Binti yangu Bushira alikuwa na mimba ya miezi saba. Presha ikampanda, akavimba uso na miguu, akawa anaona nyota mchana kweupe. Mkunga wa kituo cha afya akasema mtoto atoke leo hii, la sivyo tutawakosa wote wawili. Akatoka. Wa kiume, mwili umegeuka zambarau, na hakulia.

Nimesimama kwenye uzazi mwingi pale mtaani kwetu, na kila mtoto alilia. Huyu alilala kimya mkononi mwa mkunga, miguu inaning'inia. Mkunga akamfunika uso kwa barakoa ndogo yenye mfuko, akawa anaubana mfuko na kuuachia, anaubana na kuuachia. Nilisoma kila sura ya Kurani niliyoijua mpaka nikasahau nasoma nini. Baadaye waliandika kwenye karatasi kwamba zilipita dakika kumi na mbili ndipo kifua kikaanza kuinuka chenyewe. Kulia, bado hakulia.

Tukapakiwa kwenye ambulensi, mama huku na mtoto huku, chupa ya oksijeni katikati, tukashika lami ya Arua. Kule wakawatenganisha. Bushira akalazwa wodi ya wazazi, presha haitaki kushuka, hawezi hata kukaa. Mkwe wangu Lukumani alikuwa Yei na lori lake, barabara imekatika kwa mvua. Kwa hiyo mtoto akawa wangu. Hospitali yenyewe siitaji jina, maana kosa halikuwa lao.

Daktari wa wale watoto wachanga aliitwa Andama, kijana mwembamba, Mkakwa wa kwetu kule kule Koboko. Nikamdharau kidogo, kama mtu anavyomdharau mtoto wa jirani. Siku ya pili alisimama kando ya kitanda cha joto walichomlaza mtoto, akaniambia, "Haboba, hii mutoto alikosa hewa sana. Tumbo yake bado iko nalala. Siku tatu hapana kula kitu."

"Na njaa?"

"Dripu inatosha yeye."

"Dripu ni maji. Mutu nakula maji?"

Akatabasamu kwa uchovu akaenda kwa mgonjwa mwingine. Kuuliza si ujinga, wanasema, na mimi nilikuwa nimeuliza. Kusikiliza jibu ndiko kulikonishinda.

Siku ya nne wakaanza kumlisha, kama unaweza kuita vile kulisha. Mpira mwembamba ulipita puani mpaka tumboni. Muuguzi aliweka sirinji isiyo na sindano kwenye mdomo wa ule mpira, akaishika juu, maziwa yakateremka yenyewe. Alama mbili tu za sirinji, kila baada ya saa tatu. Alama mbili! Mimi nikionja chumvi ya maharage, kijiko changu ni kikubwa kuliko hapo. Maziwa hayo Bushira alikamua kitandani kwake, tone kwa tone, analia, kwa sababu ugonjwa ulikuwa umemkausha.

Muuguzi mwenyewe alikuwa Peace, Mlugbara wa Arua, msichana mwenye mikono ya taratibu. Aliniita Hajati kwa heshima, ingawa Makka mimi naiona kwenye kalenda tu. Alinifundisha kumbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, chini ya kitenge. Kilo moja na robo. Kuku wa Idi nimenunua wazito kuliko yeye. Alikuwa akilala pale kifuani, bomba la oksijeni puani, na midomo yake inanyonya hewa. Inanyonya, inanyonya, hakuna kitu. Nikawa nawaza malori yangu, benchi langu, masufuria yangu makubwa, na damu yangu mwenyewe iko na njaa kifuani pangu. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawa ya moto.

Ikafika siku ya saba, siku ya kumpa mtoto jina. Lukumani akapiga simu asubuhi kutoka Yei, sauti inakatika katika, akasema mtoto ni Shafiki. Sasa sikiliza. Katika ukoo wetu mtoto hapewi jina tumbo likiwa tupu. Mama yangu alisema hivyo, na mama yake alisema hivyo, na mimi nimewalisha hivyo wanangu wote watano kabla jina halijatajwa: jina likimkuta mtoto na njaa, njaa inaingia ndani ya jina, na atakuwa mtu wa kuombaomba maisha yake yote. Unaweza kucheka. Mimi sikucheka.

Saa sita mchana Bushira alikamua, likatoka tone moja lililokauka kwenye kikombe. Peace akarudi mikono mitupu.

"Hii saa sita ataruka, Hajati. Hapana shida. Dripu iko."

"Ataruka? Leo?"

"Daktari nasema ni sawa."

Nilitoka nje nikajiambia naenda kuswali. Nikaswali kweli. Halafu nikaenda getini, kwa mama mmoja anayeuza chai, nikanunua maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa, kikombe kimoja. Niliyapoza kwa kuyamimina kutoka kikombe kimoja hadi kingine, nikayachuja kwa ncha safi ya shela yangu, nikayaonja. Yalikuwa maziwa mazuri. Mimi silishi mtu kitu kibaya.

Niliporudi, Peace alikuwa chumba cha mwisho akimpokea mtoto ambaye mama yake alikuwa ametoka kupasuliwa. Sirinji ilikuwa kwenye sinia, imeoshwa. Kitanda cha pili alikaa Betty, mkulima wa Lobule, anamnyonyesha binti yake aliyekwisha pata nguvu. Aliniona. Nikaweka kidole mdomoni, naye akageuza uso, kwa sababu mimi ni mtu mzima na yeye ana adabu.

Nikamwendea mtoto. Nikajaza sirinji mpaka alama ya ishirini. Nikaishika juu kama nilivyoona Peace akifanya, maziwa yakateremka polepole, yote, mpaka tone la mwisho. Mtoto akashusha pumzi, akaacha kunyonya hewa, akalala. Ndipo nikamnong'onea sikioni, "Shafiki. Shafiki. Shafiki." Sifichi: nilifurahi. Tangu ambulensi ile sikuwa nimefurahi hivyo. Nilijiona nimemshinda daktari, nimeishinda dripu, nimemrudisha mtoto kwenye ukoo wake.

Saa tisa Peace alikuja na alama mbili za maziwa ambazo Bushira alikuwa amezipata baadaye. Kabla ya kumpa, alivuta kwanza kwa sirinji tupu kuona tumboni kumebaki nini. Yakaja maziwa. Yakaja tena. Meupe, mazito, alama sita, na mwisho wake umegeuka kijani. Peace akaganda.

"Asubuhi mimi nalipea mbili," alisema, anajiambia mwenyewe. "Mbili tu."

Akamgusa tumbo. Mimi pia nililigusa. Asubuhi lilikuwa laini kama unga uliokandwa, sasa lilikuwa limejaa na ngozi inang'aa. Peace akasema daktari yuko kwenye upasuaji, tumngoje, mtoto asipewe kitu kwanza. Nikakaa. Nikajiambia ni shibe tu. Nikajiambia watoto wote hujaa tumbo. Nilijiambia mambo mengi katika zile saa mbili, na kila nilipoinua macho nilimwona Betty ananitazama.

Saa kumi na moja Andama akaja, kofia ya upasuaji bado kichwani. Alisoma karatasi, akambonyeza mtoto tumbo, akamgeukia Peace.

"Asubuhi ulipea ngapi?"

"Mbili, daktari."

"Mbili inakaa tumboni mpaka saa tisa, halafu inazaa ingine nne?"

"Mimi naona mbili. Labda... labda mimi nasoma mubaya."

"Labda? Kesho wewe naenda wodi ingine. Hapa hakuna labda." Alijifuta uso. Hakuwa mtu wa kufoka, na nadhani aliona aibu kidogo kwa kusema vile mbele yetu. "Ni maziwa ya mama yake tu, imechelewa kushuka. Hewa ya bomba pia inajaza tumbo. Saa kumi na mbili pea yeye moja, tuone."

Peace alikuwa analia bila sauti, machozi yanaingia ndani ya barakoa. Binti wa watu. Mikono ile ya taratibu ndiyo iliyonifundisha kumbeba mjukuu wangu. Betty alinitazama, halafu akatazama sakafu, anaona haya kwa niaba yangu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kifo hakingekuja kuniumbua mimi. Kingemchukua mwingine, saa kumi na mbili, kwa alama moja.

"Hapana pea yeye," nikasema.

"Nini, Haboba?"

"Ni mimi. Mimi nalilisha yeye. Saa saba. Maziwa ya ng'ombe."

"Ngapi?"

Nikaichukua sirinji kwenye sinia, nikaweka ukucha kwenye alama ya ishirini.

Heri wangenipiga. Hakuna aliyenipiga, hakuna hata aliyepaza sauti. Andama aliifungua nepi ya mtoto, na ndani yake kulikuwa na ute mwekundu. Damu. Akaanza kusema maneno mafupi mafupi, na Peace, yule yule aliyekuwa analia, akawa anafanya kila neno kabla halijaisha: dawa hii, dawa ile, mpira uachwe wazi utoe uchafu, picha ya tumbo ipigwe sasa hivi. Mimi nilisukumwa mpaka ukutani kwa kiwiko, na hapo ndipo palikuwa pahali pangu.

Baada ya picha Andama alinitoa nje, tukakaa kwenye benchi la varandani. Alikuwa na kipande cha boksi la glavu, akachora mistari kwa kalamu.

"Haboba, wewe napika, utaelewa. Siku mutoto nazaliwa, hewa ilikuwa kidogo. Hewa ikiwa kidogo, mwili nachagua. Kichwa kwanza. Moyo kwanza. Hii mishipa midogo ya matumbo, mwili nafunga, damu ipite huko kwingine."

"Kama mwaka wa njaa," nikasema. "Unapika chungu moja, unapea mugonjwa kwanza."

"Kabisa. Sasa mutu mukubwa, hewa ikirudi, mishipa nafunguka. Mutoto ya miezi saba, mishipa yake bado haijui kufunguka vizuri. Ingine nabaki imebana. Ndio maana mimi nasema tumbo nalala. Chakula ni kazi, Haboba. Ukiweka chakula, utumbo naita damu: leta, nifanye kazi. Damu hapana fika. Utumbo naanza kufa, kidogo kidogo, na wadudu wa ndani ya tumbo naingia kwenye ukuta yake."

"Kwa hiyo mimi nalipea mugonjwa muzigo."

"Ndio." Hakulainisha. "Picha inaonyesha hewa ndani ya ukuta ya utumbo. Lakini haijatoboka. Ikitoboka, mutu wa kupasua mutoto mudogo hivi iko mbali, na hii mutoto hataweza safari."

Nilimwuliza swali ambalo sikutaka jibu lake. "Kama mimi singelisha yeye, hii ugonjwa ingekuja?"

Alikunja kile kipande cha boksi. "Watoto wengine waliokosa hewa, inakuja hata kwa alama mbili za mama. Wengine haiji. Sijui, Haboba. Na wewe hautajua."

Hilo neno ningelikataa kama lingekuwa chakula. Laiti angesema ndiyo, ningejua nimebeba nini.

Alisema mtoto akae siku kumi bila kitu tumboni, dripu na dawa tu. Halafu akasema, "Na sikia. Utumbo yenye nakufa haiombi chakula. Hii mutoto atalala kimya siku nyingi. Siku ile atalia njaa, unaambia Peace anipigie simu, hata kama niko kanisani."

Peace hakuhamishwa wodi. Nilimwomba radhi mbele ya Betty na mbele ya wote. Akasema, "Sawa, mama." Kwa siku nne hakuniita Hajati.

Bushira hakuambiwa. Mimi niliwasihi. Presha yake, nilisema, msimwambie, presha yake. Wakamwambia tumbo la mtoto linapumzishwa, basi. Nilipomletea uji nilimwangalia anavyokunywa, nikamwambia mtoto mzuri, mtoto amelala. Kweli alikuwa amelala. Alikuwa na rangi ya majivu, tumbo linapimwa kwa utepe asubuhi na jioni, na kutoka kwenye mpira ule yalitiririka majimaji ya kijani ndani ya mfuko. Nilikuwa nahesabu sentimita kama zamani nilivyohesabu sahani. Ishirini na saba. Ishirini na saba. Ishirini na nane.

Nilimwambia Mungu anichukue mimi. Nilimwambia kwa Kiarabu na kwa Kinubi, nikamwambia hata kwa Kiswahili cha gereji, ili asiseme hakuelewa.

Siku ya tano ya zile kumi, Bushira alikuja mwenyewe. Alikuwa ameshika ukuta kwa mkono mmoja, na mkono mwingine ameshika kikombe cha plastiki kilichofunikwa kwa kitambaa. Uso wake ulikuwa umepungua uvimbe, nikamwona tena binti yangu, na alikuwa anacheka.

"Mama, imekuja! Ona!" Akafunua. Maziwa, vidole vitatu, ya manjano kidogo, mazuri. "Imekuja yenyewe tangu asubuhi. Shafiki atakunywa leo mpaka achoke."

Peace alisimama, akanitazama. Alikuwa tayari kusema yeye badala yangu. Hata hilo angenifanyia.

"Hapana, Bushira," nikasema. "Hawezi kunywa. Keti kwanza."

Nikamwambia. Jina, mlo, getini, sirinji, damu. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kwa sababu sikujiona nastahili kukaa. Aliketi na kikombe mapajani, hakukimwaga.

"Ulipea ngapi?"

"Ishirini."

"Mimi nilikuwa nakamua mbili nalia," alisema. "Mbili, Mama. Nilikuwa naomba Mungu iwe mbili."

Peace akakichukua kikombe polepole, akasema atayaweka kwenye friji, yatakuja kufaa, akaenda. Bushira alimtazama mwanawe muda mrefu. Kisha akanionyesha kwa kidole kiti cha ukutani, mbali na kitanda, mbali na sinia.

"Kaa pale. Weka mikono yako juu ya magoti. Mimi nataka kuiona."

Nina miaka hamsini na minane. Tangu mume wangu afe hakuna mtu aliyeniamuru hata kuzima redio. Nilikaa. Niliweka mikono juu ya magoti.

Ikawa hivyo kila siku. Akiingia, kabla ya kumtazama mtoto, anatazama mikono yangu. Hakunifukuza, na sikujua kama ni huruma au ni adhabu, sikuuliza. Utepe ukasema ishirini na nane, halafu ishirini na saba. Kijani kikapungua kwenye mfuko. Andama alikuwa anabonyeza tumbo, anaguna, anaondoka. Hakusema jambo la kututia moyo, na mimi sikumdharau tena.

Siku ya nane ya zile kumi, baada ya swala ya adhuhuri, tulikuwa tumekaa, Bushira upande wake, mimi upande wangu. Nikasikia kitu. Kwanza nilidhani ni mtoto wa Betty. Lakini Betty alikuwa amekwisha kuruhusiwa kurudi Lobule siku ya Jumatatu.

Ilikuwa sauti nyembamba, inakwaruza, haijawahi kutumika. Sikuwahi kuisikia kabla. Hakulia alipozaliwa, hakulia ndani ya ambulensi, hakulia hata nilipomuumiza. Alikuwa amegeuza kichwa, mdomo wazi, anatafuta huku na huku, halafu akafumba macho akalia tena, kwa nguvu zaidi, kwa hasira, hasira yangu ile ile.

Peace alikimbilia simu. "Daktari, nalia! Nalia njaa!"

Bushira alikuwa amesimama. Gauni lake lilikuwa limelowa mbele, maziwa yalikuwa yanatoka yenyewe kwa kuisikia ile sauti, yanadondoka sakafuni, na hakuyafuta. Zilikuwa zimebaki siku mbili. Alinigeukia, akatazama magoti yangu, na ndipo nilipoona kwamba mikono yangu haikuwa hapo. Ilikuwa imekwisha nyanyuka hewani, inaelekea kwa mtoto.

Nikairudisha. Ikanyanyuka tena. Nikaiweka chini ya mapaja yangu, nikaikalia kwa uzito wangu wote, na Shafiki akaendelea kulia njaa mbele yangu, na sikumpa kitu.